Chaumette wa Paris: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakizungumzia Mapinduzi ya Ufaransa huanza na Robespierre, wakaja kwa Danton, wakamalizia na Marat aliyechomwa kisu akiwa ndani ya beseni la kuogea. Chaumette hutajwa pembeni, mara nyingi kama "yule aliyefunga makanisa", basi. Nimeulizwa habari zake mara nyingi kiasi cha kuona heri nijibu yote mahali pamoja.

Chaumette alikuwa nani, kwa ufupi?

Pierre-Gaspard Chaumette alizaliwa Nevers, mji ulio kando ya mto Loire, tarehe 24 Mei 1763. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikatwa kichwa Paris tarehe 13 Aprili 1794, zikiwa zimebaki wiki sita hivi atimize miaka 31. Kuanzia Desemba 1792 hadi Machi 1794, miezi kumi na mitano tu, alikuwa mmoja wa maofisa wenye sauti kubwa kabisa katika jiji la Paris.

Jina lake linatamkwaje? Na mbona pengine anaitwa Anaxagoras?

Litamke "Shomet", na hiyo t ya mwisho isikike.

Anaxagoras alijibandika mwenyewe. Siku zile wanamapinduzi wengi walitupa majina ya watakatifu wakachukua ya Wagiriki na Warumi wa kale. Alieleza kwamba jina la zamani alipewa kwa sababu msimamizi wake wa ubatizo aliamini watakatifu, naye sasa amechukua la "mtakatifu" aliyenyongwa kwa msimamo wake wa kijamhuri. Maneno matamu, ila historia yake si sahihi. Anaxagoras wa kweli, mwanafalsafa wa Athens, alishtakiwa kwa kukosa heshima kwa miungu, akaondoka mjini na kufia Lampsacus, na shingo yake haikuguswa na kitanzi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye baadaye angeshtakiwa kwa kutomwamini Mungu, jina lilimkaa sawasawa.

Cheo chake kilikuwa kipi? Mwendesha mashtaka?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Mapinduzi, aliyepeleka watu kwenye gilotini, ni Fouquier-Tinville. Chaumette alikuwa *procureur* wa Commune, yaani halmashauri ya jiji la Paris. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya madiwani kwa niaba ya sheria na ya wananchi, kudai uamuzi fulani upitishwe, kisha kufuatilia kama umetekelezwa. Meya, kuanzia Februari 1793, alikuwa Pache. Mmoja wa wasaidizi wa Chaumette alikuwa Jacques-René Hébert, mwandishi wa gazeti la matusi lililoitwa *Le Père Duchesne*.

Usidhani halmashauri ni jambo dogo. Paris ilikuwa na kata 48, kila moja na mkutano wake, kamati yake na watu wake wenye silaha. Aliyekuwa na masikio ya kata hizo aliweza kulitikisa bunge la taifa, lile lililoitwa Convention, na lilitikiswa kweli zaidi ya mara moja.

Hii Commune ndiyo ile ya 1871 waliyoiandika akina Karl Marx?

Hapana. Ile ilikuja miaka karibu 80 baadaye ikaazima jina.

Aliishije kabla ya siasa?

Kwa kubahatisha. Alitoka nyumbani akiwa mvulana akaenda kufanya kazi melini, akarudi bara, akasoma mambo ya mimea na kuganga watu, pasipo kutulia mahali pamoja. Mapinduzi yalipoanza akaja Paris na kuandika katika gazeti la Prudhomme, *Révolutions de Paris*. Aliingia klabu ya Cordeliers, iliyokuwa na makali kuliko ya Jacobins, na mwezi Julai 1791 akawa miongoni mwa waliotia saini waraka wa kumkataa mfalme kwenye Champ de Mars, uwanja mmoja wa Paris. Agosti 1792, kiti cha ufalme kilipoangushwa, alikuwemo katika Commune mpya ya waasi.

Kwa nini maskini wa Paris walimsikiliza yeye?

Kwa sababu alizungumza habari za mkate, tena kwa lugha ya mtu aliyewahi kuukosa.

Mwaka 1793 Ufaransa ilikuwa vitani na karibu Ulaya nzima, huku magharibi mwa nchi kukiwa na uasi wa Vendée. Noti za serikali, *assignat*, zilikuwa zinashuka thamani, na mkulima akizitazama noti hizo aliona afadhali abaki na ngano yake ghalani. Halmashauri ya Paris ilikuwa ikitoa ruzuku ili mkate wa ratili nne uuzwe sous 12 (sarafu ndogo za wakati ule), lakini bei ndogo haina maana kama duka ni tupu. Wanawake walipanga foleni kabla ya alfajiri mbele ya maduka ya waokaji, na wengi walirudi na vikapu vitupu.

Februari 1793 maduka ya sukari, kahawa na sabuni yalivamiwa. Siku mbili baadaye Chaumette alisimama mbele ya bunge akasema jambo ambalo wabunge wengi, waliokuwa wanasheria wenye nyumba nzuri, hawakupenda kulisikia: kwamba kila kitu kimebadilika kumzunguka maskini, ila yeye mwenyewe yuko palepale, na faida pekee aliyoipata katika mapinduzi ni haki ya kulalamikia umaskini wake.

Kisha ikaja 4 Septemba 1793. Tangu asubuhi vibarua wa ujenzi na mafundi walijaa uwanja wa Grève, mbele ya jengo la halmashauri. Mchana uliposonga waliingia ndani wakaufurika ukumbi, wakidai mkate. Chaumette alikwenda kwanza bungeni kuuliza, akarudi na jibu kwamba bei za bidhaa muhimu zitawekewa kikomo. Umati ukapiga kelele kwamba haukuja kutafuta ahadi, umekuja kutafuta mkate, tena leo hii. Akapanda juu ya meza. "Mimi pia nimekuwa maskini," akawaambia, "kwa hiyo nawajua maskini ni watu gani." Akaendelea kwamba hii ni vita ya wazi ya matajiri dhidi ya maskini, wanataka kutuponda, basi na tuwawahi.

Alikuwa na uhodari wa kuigeuza hasira. Ile iliyokuwa inaelekea kwake na kwa meya aliishika akaielekeza mashambani, kwa wenye kuficha nafaka, na kwenye milango ya bunge. Kesho yake yeye na Pache waliongoza maandamano hadi Convention wakidai "jeshi la mapinduzi" la kwenda vijijini kusaka ngano. Bunge likakubali. Tarehe 29 mwezi uleule ikapita sheria ya *Maximum*, ya kuweka kikomo cha bei na cha mishahara pia. Hicho cha mishahara waliokuwa uwanjani hawakukiomba.

Kwa hiyo ndiye aliyeanzisha Utawala wa Vitisho, ile miezi ya 1793 na 1794 ya kukamata na kukata vichwa?

Peke yake, hapana. Ila alikuwa miongoni mwa waliousukuma mlango, na sioni sababu ya kumfichia hilo.

Sheria ya Washukiwa, ya kuwakamata waliodhaniwa kuwa maadui wa mapinduzi, ilipitishwa na bunge tarehe 17 Septemba 1793. Ilikuwa pana tayari. Oktoba 10 Chaumette alileta mbele ya halmashauri orodha ya kuzisaidia kata kumtambua mshukiwa, na orodha hiyo ndiyo inayonitisha kuliko hotuba zake zote. Mshukiwa ni anayepoza ari ya mkutano kwa maneno ya ujanja. Mshukiwa ni anayezungumzia misiba ya Jamhuri kwa mafumbo. Mshukiwa ni aliyepokea katiba bila kuchangamka. Halafu hiki: mshukiwa ni yule ambaye, ingawa hakufanya lolote dhidi ya uhuru, hakufanya lolote kwa ajili ya uhuru pia.

Kisome tena hicho cha mwisho, kisha jiulize ni jirani gani anasalimika. Muuza mboga asiyehudhuria mikutano ya kata amekwisha.

Ni kweli alihusika na ushahidi wa mtoto wa mfalme?

Ndiyo. Tarehe 6 Oktoba 1793 Pache, Chaumette na Hébert walikwenda gereza la Temple kumhoji Louis-Charles, mtoto wa malkia Marie-Antoinette. Alikuwa na miaka 8. Walitoka na karatasi yenye saini yake ikidai kwamba mama yake alimtenda machafu. Kesho yake alihojiwa dada yake pia, Marie-Thérèse. Hébert alilisoma dai lile mahakamani katika kesi ya malkia, naye malkia akawageukia kina mama wote waliokuwemo ukumbini. Hata watu waliomchukia waliguswa. Alikatwa kichwa tarehe 16. Nimewahi kumsikia mtu akitetea kwamba "hiyo ilikuwa vita". Mtoto wa miaka minane si vita.

Alifunga makanisa yote?

Ya Paris, ndiyo, kwa muda. Hadithi yake inaanzia kwao. Septemba 1793 alikwenda Nevers kumwona mama yake mgonjwa, akamkuta huko mjumbe wa bunge, Joseph Fouché, huyu ambaye baadaye angekuwa waziri wa polisi wa Napoleon. Wawili hao walipatana. Muda mfupi baadaye Fouché akaamuru kwamba langoni pa makaburi ya huko kuandikwe: "Kifo ni usingizi wa milele." Chaumette aliirudisha hewa hiyo Paris.

Tarehe 7 Novemba askofu mkuu wa Paris, Gobel, aliletwa mbele ya bunge akajivua uaskofu. Siku tatu baadaye ikafanyika Sikukuu ya Akili ndani ya Notre-Dame, kanisa kuu la Paris. Walijenga mlima wa bandia katikati ya kanisa, juu yake hekalu dogo lililoandikwa "Kwa Falsafa", na mwenge ukiwaka. Wasichana wenye mavazi meupe walishuka na kupanda. Mwanamke, msanii wa Opera, akatoka hekaluni akaketi kupokea heshima kama sura hai ya Uhuru. Hapakuwekwa sanamu, kwa hoja kwamba sanamu ingerudisha watu kwenye kuabudu mawe. Kisha msafara ukaenda bungeni. Chaumette akamtambulisha yule mwanamke, mwenyekiti na makatibu wakambusu, na bunge likaamua Notre-Dame iitwe Hekalu la Akili. Novemba 23 halmashauri ikafunga makanisa yote ya jiji, ya madhehebu yoyote.

Waliosimulia sikukuu ile kama ulevi na uasherati wengi wao walikuwa maadui zake. Mimi naiona zaidi kama mahafali ya shule: nyimbo, mavazi meupe, hotuba ndefu, na wazee nyuma wakijiuliza itaisha saa ngapi.

Halmashauri yake ilifanya jambo lolote la kusifiwa?

Ilifanya, na hilo husahaulika. Ilipiga marufuku viboko shuleni. Ilitaka kila mgonjwa hospitalini awe na kitanda chake, katika jiji ambalo hospitali ya Hôtel-Dieu ilijulikana kwa kulaza wagonjwa kadhaa kitanda kimoja. Ilitaka maskini azikwe kwa heshima ileile kama tajiri. Iliandama kamari na ukahaba, kwa ukali wa mtu asiyependa kuona wengine wakistarehe. Kwa tabia Chaumette alikuwa kama mwalimu wa zamu.

Aliwaonaje wanawake?

Vibaya, na hakuna namna ya kulipamba. Vilabu vya wanawake vilipigwa marufuku na bunge tarehe 30 Oktoba 1793, vikiwemo vya akina Claire Lacombe na Pauline Léon, wanawake waliopigania bei ya mkate kama yeye. Novemba 17 ujumbe wa wanawake waliovaa kofia nyekundu za mapinduzi ukaingia ukumbi wa halmashauri. Madiwani wakazomea. Chaumette akasimama akauliza tangu lini mwanamke akaruhusiwa kuikana jinsia yake, kuacha nyumba na kitanda cha mtoto ili aje kuhutubia hadharani. Akamtaja Olympe de Gouges, mwandishi aliyedai haki za wanawake, aliyekatwa kichwa wiki mbili tu kabla, kama mfano wa mwanamke aliyesahau nafasi yake. Wanawake wakavua zile kofia.

Fikiria kwamba ni wiki moja tu baada ya kumketisha mwanamke juu ya mlima wa Notre-Dame apokee heshima. Yule hakutakiwa kusema neno.

Na utumwa? Nimesikia alikuwa mpinzani wake.

Alikuwa mpinzani wa dhati, na hapa ndipo ninapomheshimu. Juni 1793 alikwenda bungeni pamoja na kundi la watu weusi na machotara wakiomba utumwa ufutwe. Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja mweusi, Jeanne Odo, aliyesemwa kuwa na miaka 114. Wabunge walisimama kumpa heshima, kisha ombi likapelekwa kwenye kamati, likalala huko miezi.

Lililowaamsha ni watumwa wenyewe. Saint-Domingue, Haiti ya leo, ilikuwa imewaka moto tangu Agosti 1791, na Agosti 1793 mjumbe wa Ufaransa kule, Sonthonax, alitangaza uhuru kwa sababu hakubakiwa na njia nyingine ya kuishikilia nchi. Wawakilishi watatu wa kisiwa wakaja Paris: Belley, mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, Mills, chotara, na Dufay, mzungu. Tarehe 4 Februari 1794 bunge likafuta utumwa katika makoloni yote. Februari 18 halmashauri ikasherehekea katika Notre-Dame, na msemaji mkuu alikuwa Chaumette. Hotuba yake ilichapwa na ipo hadi leo.

Uamuzi huo ulifika huku kwetu, Bahari ya Hindi?

Haukufika, na swali hili linatuhusu moja kwa moja. Visiwa vya Ufaransa upande huu vilikuwa Île de France, yaani Mauritius, na Bourbon, yaani Réunion. Mashamba yao yalitegemea watu waliochukuliwa Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kwa mwaka, kwa piastre 20 (sarafu za fedha) kila kichwa. Kwa hiyo Paris walipokuwa wakiimba chini ya mapaa ya Notre-Dame, kulikuwa na watu wa bara la Kilwa wakilima mashamba ya Île de France.

Mwaka 1796 serikali ya Ufaransa ilituma wajumbe wawili, Baco na Burnel, kwenda kuitekeleza sheria. Wenye mashamba wakawapakia melini na kuwafukuza ndani ya siku chache. Mwaka 1802 Napoleon aliamua utumwa uendelee pale ambapo sheria ya 1794 haikuwa imetekelezwa, na visiwa hivi vikawa miongoni mwa waliofaidika na ukaidi wao. Mauritius ilisubiri Waingereza hadi 1835. Réunion hadi 1848.

Kwa nini wanamapinduzi wenzake walimuua?

Kwa sababu Robespierre na Kamati ya Usalama wa Umma, kundi la wabunge lililoshika serikali, hawakutaka kuwe na sauti mbili Paris. Novemba 21 Robespierre aliwaambia Jacobins kwamba kumkana Mungu ni anasa ya makabaila. Chaumette alisoma upepo, akarudi nyuma, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akitetea uhuru wa kuabudu mbele ya halmashauri ileile. Mwanzoni mwa Desemba akajaribu kuzikusanya kamati za kata chini yake, bunge likaifuta hatua yake hiyo, na sheria ya tarehe 4 mwezi huo ikageuza cheo chake kuwa "wakala wa taifa", yaani karani wa serikali kuu.

Machi 1794 Hébert na wenzake walijaribu kuchochea uasi mpya. Kata moja ilipokuja halmashauri kuomba kuungwa mkono, Chaumette aliipokea baridi. Haikumsaidia. Hébert alikatwa kichwa tarehe 24 Machi; Chaumette alikuwa amekamatwa tangu tarehe 18 na kutiwa gereza la Luxembourg, lililojaa watu waliofungwa kwa ile sheria ya washukiwa. Wafungwa waliotoka hai walisimulia jinsi alivyopokewa: wenzake walimzunguka wakanyambulisha kitenzi kama watoto wa shule, mimi mshukiwa, wewe mshukiwa, yeye mshukiwa, sisi sote washukiwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikaribishwa kwa wimbo.

Kesi ilichukua siku chache. Alishtakiwa kwa njama na kwa kutaka kuifuta dini na maadili. Gari lililompeleka uwanja wa Mapinduzi, Concorde ya leo, tarehe 13 Aprili lilikuwa na abiria wa ajabu: Gobel, askofu aliyejivua joho, jenerali Dillon, mjane wa Hébert, na Lucile, mjane wa Camille Desmoulins, mwandishi na rafiki wa Danton. Hébert na Desmoulins walichukiana hadi mwisho, na wajane wao wakafa kwa njama moja iliyotungwa.

Kuna alama yake yoyote ya kutembelea Paris leo?

Kaburi hakuna. Lakini ukifika jumba la makumbusho la Cluny utaona vichwa vya mawe vya wafalme wa Yuda. Vilikuwa 28 kwenye uso wa Notre-Dame, na viliangushwa mwaka 1793, wakati wa utawala wa halmashauri yake, kwa kudhaniwa kuwa ni wafalme wa Ufaransa. Vichwa 21 vilikutwa mwaka 1977 chini ya ardhi kwenye ua wa jengo moja mjini. Pua nyingi zimevunjika, na baadhi bado vina dalili za rangi.

Yeye alizikwa makaburi ya Errancis, upande wa bustani ya Monceau, katika mashimo ya pamoja. Danton alikuwa ametangulia humo siku nane kabla. Robespierre aliletwa Julai. Makaburi yale hayapo tena. Mifupa ilihamishiwa kwenye mahandaki ya chini ya jiji, na hakuna anayeweza kusema upi ni wa nani.